Motokaa ya Mwisho ya Wexlind

Kaeni vizuri mnisikilize, maana nikimaliza nitawaachia kesi, na mimi sitaiamua.

Miaka ile farasi walipokuwa bado wanashtuka kuona motokaa, katika mji mmoja mdogo wa Marekani aliishi Harlan Wexlind, mwenye karakana ya magari ya farasi. Alitaka kuunda motokaa ya kifahari ambayo tajiri akiiona, anasahau alikokuwa akienda. Akaajiri mafundi watatu.

Otto Brandecker alikuwa na masikio. Aliisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, akakuambia inaumwa wapi.

Thaddeus Crull alikuwa na mikono. Mlango aliouunda yeye ulifungwa bila kishindo.

Lorena Vick alikuwa na macho. Alichagua ngozi za viti na kuchanganya rangi, na kasoro ambayo wengine waliipapasa wasiipate, yeye aliiona akiwa mlangoni.

Kwa miaka miwili walitoa motokaa kumi na saba. Kisha kiwanda kimoja cha mji wa jirani kikaleta motokaa yenye injini ileile, umbo lilelile, hata rangi ileile ya zambarau, kwa nusu ya bei. Wateja wakahama.

Tangu hapo Harlan hakumwamini mtu. "Mmoja wao ameniuza," alijiambia. Alimwona Otto anakula peke yake, akajiuliza anaficha nini. Alimwona Thaddeus na buti mpya, akajiuliza kazitoa wapi. Lorena akimsalimia kwa tabasamu, akajiuliza anacheka nini. Akatia kufuli kila mahali. Kila fundi akawa na chumba chake, asione kazi ya mwenzake wala kusema naye.

Motokaa ya kumi na nane ilipokamilika, Harlan hakutaka mtu mwingine aiguse. Asubuhi moja aliiwasha mwenyewe, akaizungusha uani, akaelekea langoni, ambako barabara inateremka hadi mtoni.

Otto, ndani ya chumba chake, alisikia injini ikikohoa. Petroli inavuja! Akavunja dirisha, akaruka nje, akasimama mbele ya motokaa. "Simama! Zima!" Harlan akakanyaga breki huku akimlaani. Angevuka lango lile, asingepatikana mtu wa kumfikia.

Papo hapo moto ukalipuka. Harlan akausukuma mlango, haukufunguka. Thaddeus akaja mbio na nyundo, akapiga bawaba moja tu, ya chini, na mlango mzima ukaanguka. Angepiga kwingine, wangekuwa bado wanahangaika.

Harlan akatoka koti lake likiwaka. Lorena akamrukia na ngozi pana iliyolowa maji, akamviringisha, akamlaza chini mpaka moto ukazimika.

Mngedhani Harlan alishukuru. Alilala kitandani, mikono imefungwa bandeji, akiwaza. Otto alijuaje? Kwa nini Thaddeus aliijua bawaba ile? Na ni nani anayetembea na ngozi iliyolowa mkononi? Akawaita.

"Otto, ulijuaje?"

"Umenikataza kuingia kuikagua, Bwana Wexlind. Miezi mitatu sasa naisikiliza kupitia ukutani."

"Na wewe, Thaddeus?"

"Mlango ule ulikuwa unakwama kwenye bawaba ya chini. Niliuunda bila kuruhusiwa kuona unapokaa. Nilikuambia mara mbili, ukaniuliza nani kanituma."

"Lorena?"

"Ngozi za viti hulowekwa kila asubuhi kabla ya kuvutwa. Ungewahi kuingia chumbani kwangu kwa jambo lingine zaidi ya kunipekua, ungejua."

Harlan hakuwaamini. Hata wiki haikuisha, gazeti likaandika maneno ya mkuu wa kile kiwanda cha jirani, akijigamba: walimtuma mtu akanunue motokaa ya Wexlind, wakaifungua hadi skrubu ya mwisho, wakaiga. Hakuna aliyemuuza Harlan. Alilisoma gazeti lile mara tatu, kisha akageukia ukutani, akalia.

Karakana ya Harlan ikafungwa kwa kukosa wateja. Ikabaki motokaa moja, ya kumi na tisa, ile waliyokuwa wakiiunda siku ya moto, nzima, inang'aa. Harlan akawaita uani. "Hii ni ya aliyeniokoa," akasema. "Nitajieni nani."

"Bila mimi usingesimama," Otto akasema. "Ungeungua peke yako huko mtoni."

"Akasimama, halafu?" Thaddeus akamjibu. "Angesimama akaivia ndani, kama mkate."

"Mlimtoa akiwa mwenge," Lorena akasema. "Mimi ndiye niliyewarudishia mtu."

Msiwaone wana tamaa. Wote watatu walikuwa hawana kazi tena, na mwenye motokaa ile angeweza kuanza maisha kwa kubeba abiria matajiri. Kuiuza na kugawana, walikataa: ilikuwa ya mwisho ya mikono yao, na hakuna aliyetaka kuiona mikononi mwa mgeni.

Harlan alisimama na chuma cha kuwashia injini, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakumshuku yeyote ila nafsi yake.

Haya, wasikilizaji, chuma kile mngemkabidhi nani? Aliyesikia, aliyefungua, au aliyezima? Au mnasema mtu aliyewashuku wote watatu hana haki ya kumchagua hata mmoja?