Kiota cha Vyumba Saba

Paukwa!

Pakawa!

Ah, nyie vipi leo? Mmeitika kama mmekula usingizi badala ya ugali. Sogeeni motoni. Wewe wa nyuma, acha kuchokoa makaa. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakiposana kama watu, palikuwa na Mnana mmoja kijana, wa manjano kama bizari, mwenye sauti tamu kupita wote wa mti wake. Kijana huyo alimpenda Siwema, binti wa tawi la pili. Alimpenda hata punje ya mtama ikawa haimpiti kooni.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Mume hujenga kiota, mke huja akakivuta kwa mdomo mara tatu. Kikiachia, hakuna harusi. Kikishika, mke huenda kutafuta unyoya laini wa kutandika ndani, na akirudi nao, basi, keshakubali.

Siwema akamwambia, "Mnana, masika yakianza, mama anahamia ng'ambo ya mto, nami nitafuatana naye. Ukitaka nibaki, nijengee nyumba."

"Nyumba tu?" Mnana akatunisha kifua. "Nitakujengea ya vyumba saba!"

Akaruka mpaka ncha ya tawi, akaimba: "Vyumba saba, vyumba saba, vyumba saba vya Siwema!" Mti mzima ukashangilia. Moyo ukamjaa, na usiku ule akalala kama mtu aliyekwisha kuhamia.

Asubuhi akawaza, nyumba kubwa yataka majani mengi. "Nikishamaliza kukusanya, ndipo nitaanza." Akachuma, akalundika, akaimba. Akachuma, akalundika, akaimba. Jua nalo likafanya kazi yake. Siku aliyoshika jani la kwanza ili alifunge fundo, ka! Likakatika. La pili, ka! La tatu, ka! Jamani, ndege gani aliyepata kusuka kwa majani makavu? Wenzake wakacheka hata wakakaribia kuanguka. "Hivyo vyumba saba, bwana, viko wapi?"

Mawingu yakaanza kujikusanya kule mlimani. Mnana akajificha nyuma ya shina, akalia. Ndiyo, alilia, tusimsitiri.

Chini ya mti ule palikuwa na jiko la Kidawa, msichana aliyekuwa keshaposwa. Alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, ashone mkeka wa kuingia nao kwa mumewe. Akainua macho.

"We Mnana! Jana ulitutoboa masikio kwa nyimbo, leo unatulilia kwenye chungu?"

"Dada Kidawa, Siwema anaondoka na mimi sina hata fundo moja. Hebu niambie. Maji wateka wewe, kuni wakata wewe, na kaka zako hawajui hata kuosha kata. Huo mkeka unakua saa ngapi?"

Kidawa akacheka. "Ningesubiri nafasi, ningeolewa nikalale chini. Chungu kikishakaa jikoni, mkono unashika ukili. Kikichemka, naacha. Sijiulizi kama nataka au sitaki. Wewe kila siku unafanya nini bila kukosa?"

Mnana akafikiri. "Nakunywa maji kijitoni."

"Na majani mabichi yako wapi?"

"Hapo hapo ukingoni."

"Sasa wataka nikwambie nini tena?"

"Lakini dada, vyumba saba..."

"Kwani Siwema ana miili saba? Anza na kimoja. Tena usiuimbie mti mzima. Niambie mimi, na jioni nitakuuliza. Nawe uniulize mkeka wangu."

Basi Mnana akanywa maji, akachuma jani bichi, akafunga fundo. Akanywa maji, akachuma jani bichi, akafunga fundo. Akanywa maji, akachuma jani bichi, akafunga fundo. Wenzake wakamwuliza, "Mbona huimbi siku hizi?" Hakujibu, mdomo ulikuwa umejaa majani.

Jioni Kidawa huita, "Mnana, umefika wapi?"

"Nimefika darini, dada. Na wewe?"

"Ukili umetosha, nashona."

Siku moja upepo ukaja ukang'oa nusu ya kiota. Mnana akakaa tawini amenuna, akasema yamekwisha, hafungi tena. Akakaa mpaka kiu ikambana. Akashuka kijitoni, akanywa. Na alipokwisha kunywa, miguu ikamchukua yenyewe mpaka ukingoni, akajikuta ana jani mdomoni. Jioni Kidawa alipouliza, akajibu kwa aibu, "Nimefika ukutani tena, dada." Kidawa akasema, "Ukutani si chini," akaendelea kushona.

Matone ya kwanza yakadondoka. Siwema akaja, na nyuma yake mama na kundi la wanaohama naye wamekwisha kunyoosha mbawa, wanamwita, "Siwema! Siwema! Siwema!"

Akakitazama kile kiota. Kidogo, na mlango umekwenda upande.

"Vyumba saba viko wapi?"

Mnana akainamisha kichwa. "Vilikuwa vya mdomoni, Siwema. Nilichojenga ni hiki."

Siwema akavuta. Kikashika. Akavuta tena. Kikashika. Akavuta mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na jani moja, pwa! likachomoka mlangoni. Ndege wote wakanyoosha shingo. Zamani Mnana angeimba, angejieleza, angeapa. Safari hii alishuka kijitoni bila neno, akarudi na jani bichi, akalipitisha, akalikaza, akasogea pembeni akingoja.

Siwema akaruka akaenda zake. Kundi nalo likaondoka, likavuka mto, mvua ikawafunika wote, Mnana asimwone hata mmoja. Kidawa, aliyekuwa akikunja mkeka wake mpya usilowe, akasimama nao kifuani akitazama juu.

Mvua ikakolea. Mnana akaita, "Siwema! Siwema! Siwema!"

Hakujibiwa. Siwema alikuwa akija kutoka upande wa pili, amelowa chapachapa, na asingeweza kujibu hata angetaka, maana mdomoni alikuwa amebana unyoya.

Hadithi yangu nami nimeifikisha mlangoni mwa kiota, naiachia hapo hapo. Ya ndani ni ya wenyewe.