Doti Moja kwa Aliyemwokoa Mwamvita

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana zahanati zilikuwepo, katika kijiji kimoja cha Uzaramo aliishi mwanamke aitwaye Mwamvita. Alipata kisukari cha mimba. Akajifungua salama, sukari ikashuka, watu wakampongeza, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Pendaeli, nesi wa zahanati, alimwambia kuwa sukari ya mimba huondoka bila kuaga, na asiyeaga huenda akarudi. Baada ya wiki sita aje apimwe, tena aje asubuhi na njaa. Mwamvita hakuhitaji kubembelezwa. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa sukari.

Tatizo lilikuwa uji. Mwamvita aliishi kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani, na katika nyumba ya Bi Sikudhani mwanamke anayenyonyesha hatoki na tumbo tupu. Maziwa yatakauka, mtoto atadhoofu, majirani watasema mkwe ananyimwa chakula. Wiki sita zikatimia, Mwamvita akapewa uji wa pilipili manga uliokolea sukari. Akanywa, akaenda. Nesi akamuuliza kama amekula. Uji tu, akajibu. Nesi akamrudisha. Juma lililofuata uji ukanywewa, nesi akamrudisha.

Mbona hakukataa? Kataeni nyinyi uji wa mama mkwe, naye amewasimamia na bakuli, kisha mje mnisimulie.

Nesi akaja nyumbani kwa miguu, siku yake ya mapumziko. Akaeleza kuwa mtoto atanyonya kama kawaida, ni mama tu asile mpaka apimwe. Bi Sikudhani akamkaribisha kwa heshima zote, kisha akamuuliza amezaa wangapi. Nesi hakuwa na mtoto.

"Basi mwanangu, wewe kunywa chai. Uzazi tuachie sisi."

Nesi akanywa chai, akasema kesho asubuhi atampitia Mwamvita mwenyewe.

Asubuhi nesi yuko mlangoni, Bi Sikudhani yuko mlangoni na bakuli, Mwamvita yuko katikati. Ndipo akapita jirani yao Milembe, akienda shamba. Milembe ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani hakasirikiwi. Akalipokonya lile bakuli, akanywa uji wote amesimama, akajifuta midomo.

"Babu zangu walibebeshwa mizigo ya pwani vichwani," akasema. "Mimi nimebeba wenu tumboni."

Bi Sikudhani akageukia jikoni apike mwingine. Milembe akamtangulia, akamwaga maji mafigani, moto ukafa.

Bi Sikudhani angeweza kusema basi, leo hatoki mtu. Hakusema. Alijifunga kanga, akambeba mjukuu, akawaambia waende wote pamoja kabla mkwe wake hajaanguka kwa njaa.

Zahanati wakamtoa Mwamvita damu, wakamnywesha maji ya sukari, wakamwambia akae saa mbili watoe tena. Mtoto akalia, Mwamvita akaona kizunguzungu, akataka kurudi nyumbani. Bi Sikudhani akamkalisha, akambembeleza mtoto mpaka damu ya pili ikatoka.

Sukari ilikuwa imerudi. Ilikuwa imerudi kimya kimya, lakini imekamatwa mapema, kabla haijagusa macho wala miguu. Mwamvita akapewa dawa na masharti ya chakula.

Mumewe Pazi, ambaye kipindi chote cha uji alikuwa safarini, akarudi na doti moja ya kanga. Akaitandika mkekani, akasema apewe aliyemwokoa mke wake.

Nesi akasema, "Bila mimi, nani angejua kuna kitu cha kutafuta? Nilirudi hata baada ya kutukanwa utasa."

Bi Sikudhani akasema, "Nyumba ni yangu na amri ni yangu. Ningekataa, angetoka? Na angebaki zahanati bila mimi? Nimeivunja kauli yangu ya miaka yote, tena mbele ya mtani."

Milembe akasema, "Mimi habari za kipimo sikuzijua. Nilikuwa na njaa, na uji wa huyu mama hauna mpinzani; moto niliuzima kwa utani tu. Lakini bila njaa yangu, nyinyi nyote mngekuwa bado mlangoni."

Mwamvita akasema, "Mkono uliochomwa ni wangu. Na asubuhi ile nilikuwa nimeshaamua kukataa. Milembe aliniwahi tu."

"Kukataa kwako nani alikusikia?" Milembe akamuuliza.

"Nani aliniuliza?"

Pazi akakuna kichwa. Doti ina vipande viwili, na wanawake ni wanne. Mmoja alijua, mmoja alikubali kushindwa, mmoja alishiba, mmoja alichomwa. Kanga bado ziko mkekani. Haya, semeni nyinyi mliokaa hapa: nani alistahili?