Senzota na Mkulo wa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima wa miti, na chini yake mlango mmoja.

Mlango wa nani?

Tulieni, ndiko niendako.

Hapo zamani za kale aliishi mpasua mbao aitwaye Senzota, fundi wa shoka, fundi zaidi wa kujisifu. Mkewe Nakijwa alikuwa amejifungua, na kwa desturi yao mzazi hatoki ndani mpaka siku arobaini zitimie, wakwe waje kumwona mtoto. Senzota akawaapia wakwe: "Mkija mtanikuta kwenye nyumba ya mbao tupu!"

Mlima ulikuwa na miti ya kila rika, na wazee waliweka sheria: "Kata bibi, acha mama, lea mtoto." Yaani kata mti mzee, wa makamo na mche uiache ikue.

Siku ya kumi Senzota akakata mabibi, akabakiza mti mmoja mnene wa mkulo karibu na nyumba. Ndani ya tundu la shina lake aliishi ndege, hondohondo. Akalia:

"Senzota, Senzota! Mke wangu yumo ndani, nimemziba kwa udongo alee. Wako naye yumo ndani. Mlima ukiisha miti, nani atawashikia udongo?"

"Lisha mkeo, ndege. Mimi najenga."

Siku ya ishirini akakata mama. Hondohondo akalia vilevile.

"Lisha mkeo, ndege. Mimi najenga."

Siku ya thelathini akakata hata watoto, apate fito. Fito, jamani! Hondohondo akalia, sauti imemkauka.

"Lisha mkeo, ndege. Mimi najenga."

Siku ya thelathini na tisa ilibaki boriti moja tu. Mvua ilikuwa inamwagika tangu jana. Senzota akauendea mkulo, akainua shoka. Ndani ya mti kifaranga kikalia. Na nyumbani kwake, kichanga kikalia.

Senzota akashusha shoka. Hapo juu, mlima mtupu ukanguruma.

"Nakijwa! Toka!"

"Siku hazijatimia, mume wangu!"

"Toka! Kosa ni langu!"

"Huku!" akalia hondohondo. "Mizizi inashika!"

Nakijwa akatoka mbio na mtoto kifuani. Wakaukumbatia mkulo. Tope likashuka, likagawanyika kwenye mizizi, likapita kulia, likapita kushoto. Likabeba nyumba, likabeba mbao zote. Senzota akalia mbele ya mkewe bila aibu.

Kesho yake wakwe wakafika. Wakaangaza huku na huku.

"Mkwe, nyumba ya mbao iko wapi?"

Senzota akaweka kiganja kwenye mkulo. "Ndiyo hii. Ila semeni polepole. Ndani mna mzazi, na siku zake hazijatimia."

Basi, anayekata rika zote hukata na kesho yake. Ngano yangu nimeikata hapa. Mama na mtoto nimewaachia, mkawasimulie wengine. Na wewe uliyekalia kuni, inuka, moto unazimika!