Picha ya Mzee Ndekirwa

Huruma ya blanketi huliza kioo. Mnaisema kila siku huku mnacheka, lakini anayejua ilikotoka hacheki. Haya, tulieni. Ilianza hivi.

Mzee Ndekirwa wa Marangu alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini na minane. Mizigo ya wageni aliifikisha kambi ya Kibo, akabaki hapohapo, maana kileleni huenda wageni na waongozaji. Magoti yalipoanza kumgomea, mwongozaji mkuu akamwambia kuwa safari hii ya mwisho apande mpaka juu. Mkewe, Mama Ndeshi, akasema, "Nitaamini nikiona picha." Ndipo akaombwa Aikaeli, mpiga picha aliyekuwa akipanda na wageni wa safari hiyo, ampige mzee picha kileleni.

Aikaeli alikuwa hodari wa kazi yake, ila subira Mungu alimnyima. Pumzi zilipomwishia njiani, mzee akamwambia, "Mwanangu, lete kamera nikubebee. Hii ndiyo kazi yangu."

"Haya, lakini iache ndani ya mfuko wake. Usiitoe."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Lakini theluji ilikuwa ikianguka na upepo unakata masikio, naye akaona kitu kile kitakufa kwa baridi. Akakitoa mfukoni, akakiviringisha kwenye kipande cha blanketi, akakitia kifuani chini ya sweta. Akapanda amekikumbatia kama mtoto mchanga.

Kileleni mzee akavua kofia, akasimama wima kando ya kibao chenye jina la kilele. Aikaeli akachungulia kwenye kamera. Weupe mtupu! Akaigeuza. Kioo kilikuwa kimelowa jasho, theluji ikakiangukia ikayeyuka, na sasa maji yote yalikuwa yanaganda.

"Mzee! Uliiweka wapi?"

"Hapa kifuani. Haijapigwa na baridi hata kidogo."

"Nani kakwambia kamera inasikia baridi? Si nilisema mfukoni? Mfukoni, mzee!"

Akafuta, ukungu ukatanda. Akafuta tena, barafu ikashika. Machozi ya hasira yakamtoka.

"Wingu linakuja, tunashuka sasa hivi!" mwongozaji akapaza sauti.

Aikaeli akapiga picha moja tu, akashuka huku anasonya.

Nyumbani, Aikaeli alipoileta picha ile, Mama Ndeshi akaikodolea macho. Kivuli cha kijivu katikati ya weupe. "Huyu ni mtu au gunia?"

"Muulize mwenyewe," Aikaeli akasema, hasira bado zimemjaa. "Mzee, hivi miaka yote hiyo mizigo ya watu ulikuwa unaiharibu hivihivi?"

"Sijaharibu hata mmoja," mzee akajibu taratibu. "Ile ilikuwa ya watu, niliibeba kama nilivyoambiwa. Huu ulikuwa wangu, wa picha yangu, nikauonea huruma."

Aikaeli aliona haya, na bado alikuwa amekasirika.

Mama Ndeshi akaitundika picha ukutani vilevile ilivyo. Na kila mgeni alipouliza yule ni nani, Mzee Ndekirwa hakutaja jina lake. Alijibu tu: huruma ya blanketi huliza kioo.