Chupa Saba na Ufunguo Mmoja

Jongeeni, wadogo mbele na wakubwa nyuma, na kila mmoja aje na vidole vyake kumi, maana kisa hiki kina hesabu. Kusimulia ni kazi yangu. Kuamua ni kazi yenu.

Katika mji wa Korogwe, ambako joto la mwezi wa pili hulainisha hata sabuni, palikuwa na nyumba yenye watu watatu wa vipaji vitatu. Chausiku alijua baridi. Aliuza barafu za ukwaju na za ubuyu, na aliweza kuweka kiganja juu ya kifuniko cha friza akakwambia kilichomo kimeganda au bado. Hiza, mtoto wa marehemu dada yake, alijua vyombo. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa la mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kumwona akimwaga tone. Semboja, shemeji wa nyumba hiyo, alijua macho ya watu. Alikuwa mchora mabango, na kauli yake ilikuwa kwamba bango ni kile anachokikumbuka mtu akishapita.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Kihiyo, kaka yake Chausiku, fundi wa pampu za maji, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Alivuta sigara kwa miaka ishirini na miwili. Marehemu mkewe, dada yake Semboja, alimwomba jambo moja tu, kwamba aachane nazo, naye akaahidi. Kuacha papo hapo kulimshinda mara nne. Mara ya tano akahamia sigara ya mvuke, kile kifaa kidogo kinachochemsha kimiminika chenye nikotini, na ahadi yake ikasimama.

Kimiminika hicho kilikuwa adimu. Alipobahatika kupata lita nzima ya nikotini kali, ya kuzimuliwa kidogo kidogo, aliiacha katika chupa yake ya plastiki, juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko la mkaa. Msimu mmoja wa joto ulitosha. Kilichokuwa angavu kama maji kikageuka rangi ya chai, na kila alipovuta, koo lilimwasha kama aliyepaliwa na pilipili. Wiki ile nzima jirani walimwona akisimama mbele ya kibanda cha sigara, akitazama, kisha akiondoka.

Alipopata lita ya pili, alichukua kalamu. Kila mililita ilibeba miligramu mia moja. Lita nzima, laki moja. Yeye alitumia miligramu thelathini kwa siku. Laki moja ukiigawa kwa thelathini unapata siku elfu tatu mia tatu thelathini na tatu, yaani miaka tisa na siku arobaini na nane, ukiisahau ile miaka mirefu yenye siku moja ya ziada.

"Hii itanifikisha uzeeni bila kuvunja ahadi," akasema.

"Kaka," akauliza Chausiku, "kwani kuna uzee mwingine unaousubiri?"

Lakini Kihiyo alikuwa amepata mkataba wa siku mia saba na thelathini katika mradi wa maji, huko bara kwenye nyanda kavu, ambako mafundi hulala katika vyumba vya mabati. Kabla hajaondoka, akawaita wote watatu barazani.

"Kitu hiki kina maadui," akawaambia. "Joto hukiharibu, mwanga hukiharibu, hewa hukiharibu. Nacho chenyewe ni adui, maana ni sumu kwa atakayekinywa, na hata kwenye ngozi hakifai. Nikirudi nikakikuta kizima, na watu wa nyumba hii wazima, aliyekihifadhi nitampa fremu."

Fremu ilikuwa chumba kimoja cha biashara upande wa mbele wa nyumba, kinachotazama barabara, na kila mmoja wao alikuwa akikitazama kwa jicho lake. Chausiku alitaka kuweka humo friza mbili na meza, aachane na kuuzia uani. Hiza, mwenye cheti chake mkononi, alitaka duka la dawa lisilo na tajiri juu yake. Semboja, aliyechora chini ya turubai miaka kumi na sita, alitaka karakana isiyonyeshewa. Kushirikiana kusingewezekana: dawa haikai na harufu ya rangi, wala mtu hanunui barafu yenye vumbi la msasa. Chumba kimoja, mlango mmoja, ufunguo mmoja.

Hiza ndiye aliyeanza.

"Hewa na mwanga niachieni mimi," alisema. Akatafuta chupa ndogo za kioo cha kahawia kwa wiki tano, kwa kuwa dawa za maji siku hizi huja katika plastiki. Alizipata Muheza, Tanga na Lushoto, tisa tu. Siku ya kumimina alivaa glavu na miwani, akafungua madirisha yote, akawatoa watu nje, akamtoa na paka. Kila chupa iliandikwa mililita mia, lakini ukiijaza hadi shingoni inachukua mia na tano. Na Hiza alijaza hadi shingoni, asiiachie hewa mahali pa kukaa. Tisa mara mia na tano ni mia tisa arobaini na tano. Mililita hamsini na tano zilizobaki akaziacha katika chupa yao ile ile ya plastiki. Akaziba shingo zote tisa kwa nta, na kila baada ya miezi mitatu alirudi kuzikagua. Mara moja alikuta kifuniko kimepasuka, akakibadilisha siku hiyo hiyo.

Kihiyo alichukua chupa mbili. "Hizi ni siku mia saba," alisema. "Thelathini za mwisho nitauma meno." Saba zikabaki, pamoja na lile salio la plastiki.

Semboja naye alitengeneza lebo kabla shemeji yake hajapanda basi. Aliandika tarehe na ukali, kama alivyoagizwa. Kisha, bila kuagizwa, akachora kwenye kila chupa panya mkubwa mweusi aliyelala chali, miguu minne juu, ulimi nje.

"Shemeji, hii ni nikotini, si dawa ya panya," Kihiyo akalalamika. "Andika SUMU, inatosha."

"SUMU husomwa na mwenye miwani," Semboja akajibu. "Panya aliyekufa husomwa na kila mtu."

Chupa zikafungiwa katika kasha la bati lenye kufuli, kasha likaingia chini kabisa ya friza ya Chausiku.

Mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza, transfoma ya mtaa iliungua. Wauza barafu wote waliuza haraka walichokuwa nacho kabla hakijayeyuka. Chausiku alikuwa na barafu mia mbili na arobaini ndani, na hakuuza hata moja. Alijua kwamba friza iliyojaa hushika baridi, na iliyo tupu huitoa kwa mgeni wa kwanza. Akaifunika kwa mablanketi matatu na mkeka, akaketi juu yake.

"Shoga, niuzie moja tu, mtoto analia," jirani akamsihi.

"Alie. Machozi nayo ni maji, yatampoza."

Kwa siku tatu hakufungua. Siku ya nne barafu zilianza kulegea, akaenda kwa wauza samaki, akanunua bonge la barafu na kulifukia humo. Na siku ya tano, na ya sita, na ya saba vivyo hivyo. Umeme uliporudi, kasha lilikuwa bado linauma vidole kwa baridi. Barafu zake mia mbili na arobaini, hata hivyo, zilikuwa na ladha ya ukwaju kwa mbele na ya samaki changu kwa nyuma, akazimwaga zote.

Mwaka wa pili ikafika khitma ya marehemu mke wa Kihiyo. Wageni walikuwa sitini, na sufuria za maziwa ya sharbati zilihitaji baridi. Friza ikakosa nafasi. Hapo Chausiku alifanya kosa ambalo muuza barafu tu angelifanya: alilitoa kasha kwa sababu lina pembe na linapoteza nafasi, akazipanga chupa moja moja kwenye mianya kati ya sufuria. Kwa kipimo cha baridi, alipatia. Kwa kipimo cha kufuli, alikosea.

Bi Mwantumu, mpishi wa mtaa, aliingia kutafuta arki ya kutia kwenye sharbati. Arki ya vanila, kama mjuavyo, huuzwa katika chupa ndogo za kahawia. Miwani yake alikuwa ameiacha kwao. Akaiona chupa, akaichukua, akaanza kubandua nta kwa ukucha. Sasa hesabuni nami. Chupa ile ilibeba miligramu elfu kumi na mia tano, mgao wa siku mia tatu na hamsini wa mtu aliyezoea. Na Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kupima arki kwa kijiko.

Akaigeuza ili ashike vizuri. Panya akamtazama, miguu juu.

"Yallah! Dawa ya panya ndani ya maziwa! Chausiku, unatuua?"

Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyeugua. Lakini habari ikatoka kabla ya sharbati, na kwa wiki tano hakuna mtoto aliyenunua barafu katika nyumba ile.

"Shemeji, umenifilisi kwa panya wako," Chausiku akamwambia.

"Ningechora ua, leo tungekuwa na khitma sitini za kuandaa. Ungepata wapi maziwa?"

Siku ya mia saba thelathini na moja, Kihiyo akarudi, amekonda, na mkoba begani. Hata kofia hakuvua. Alifungua kasha, ambalo sasa lilikuwa limerudi na kufuli lake, akainua chupa ya kwanza dirishani. Ilikuwa angavu kama maji ya mvua. Ya pili vilevile. Zote saba. Akashusha pumzi, akaketi, akauweka ufunguo wa fremu juu ya mkeka.

"Haya. Nani?"

"Mimi," alisema Chausiku. "Hebu toa zile ulizoondoka nazo."

Kihiyo akatoa chupa ya pili, iliyobaki robo. Ilikuwa na rangi ya asali. "Tangu mwaka jana inaniwasha koo," akakiri. "Nilivuta nusu ya mgao, tena kwa kuogopa."

"Umesikia? Ilikuwa na kioo cha Hiza na panya wa shemeji. Ilichokosa ni friza yangu."

"Mama mdogo, usifunge hesabu mapema," Hiza akasema. Akatoa kwenye kasha lile salio la plastiki. Lilikuwa limegeuka njano, kama chai iliyozimuliwa. "Hili lilikuwa na friza yako siku zote, na panya juu yake. Lilichokosa ni kioo changu, na hewa imelila."

Semboja akacheka. "Nanyi mnagombea rangi. Mwenye nyumba alisema kizima, na watu wazima. Baridi yenu na kioo chenu vilimlindia mtu sumu hata ikawa kali kama siku ya kwanza, halafu mkamwekea Bi Mwantumu karibu na maziwa. Yule aliyewazuia wageni sitini wasiinywe ni nani?"

"Ni nani aliyenifukuzia wateja?" akauliza Chausiku.

"Ni nani aliyelitoa kasha?" akajibu Semboja.

"Na ni nani aliyechagua chupa za arki?" Chausiku akamgeukia Hiza.

"Za kahawia, mama mdogo! Zingekuwa nyeupe, mwanga ungezila!"

Kihiyo akainua mkono. Alichukua kalamu, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Ingekuwa kujumlisha," alisema taratibu, "ningempa aliyeleta kikubwa. Lakini hapa ni kuzidisha. Baridi mara kioo mara panya. Ukiweka sifuri popote, jibu ni sifuri: ama sina akiba na narudi kwenye kibanda cha sigara, ama nina akiba na nyumba ina matanga. Sasa nionyesheni katika tatu mara tatu mara tatu, ishirini na saba ni ya tatu ipi?"

"Kaka," alisema Chausiku, "sisi hatutaki ishirini na saba. Tunataka fremu."

Tangu hapo Kihiyo anavuta miligramu kumi na tano kwa siku, maana huko bara mwili ulizoea nusu. Kwa hiyo chupa saba zinamtosha miaka kumi na mitatu, na haja ya haraka hana. Wao watatu ndio wenye haraka. Asubuhi Chausiku hupita mbele ya mlango wa fremu na ndoo yake, adhuhuri Hiza hupita akienda kwa tajiri wake, alasiri Semboja hupita na turubai lake, na kila mmoja hugusa kufuli kidogo, kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

Basi, nyinyi mlioketi hapa: kura haziruhusiwi, chumba hakigawanyiki, na ahadi imeshatoka kinywani. Mimi nimepiga hesabu mara tatu, na kila mara nimepata mtu mwingine. Ufunguo uko juu ya mkeka. Wewe ungemkabidhi nani, na ungewaambia nini wale wawili huku wakikutazama?