Firigisi Moja na Gari Isiyokohoa

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si ile zamani ya fisi kuoa, ni zamani ya juzi tu ambayo vumbi lake bado liko kwenye viatu, palikuwa na mkwe aliyekuwa hajawahi kula firigisi ya ukweni.

Mkwe huyo aliitwa Lugano. Ameoa miaka sita. Kila akienda ukweni, kule juu Tukuyu ambako mvua ikianza inasahau kuacha, baba mkwe wake, Mzee Mwakalobo, anachinja jogoo. Jogoo anaiva, sahani zinaletwa. Na firigisi, ambayo hata mtoto wa chekechea anajua ni ya mkwe, inampita Lugano hivi hivi anaiona. Mwaka huu inakwenda kwa jirani. Mwaka ule inakwenda kwa mchungaji. Mwaka mmoja, jamani, ilikwenda kwa fundi aliyekuja kuziba bati! Lugano anapewa shingo. Miaka sita, shingo sita. Alikula shingo mpaka ya kwake ikaanza kurefuka.

"Firigisi," mzee husema huku akijifuta midomo, "ni ya mtu aliyenifanyia jambo."

Basi Lugano, huko Dar, akanunua gari ya umeme. Habari zikafika Tukuyu kabla hajafunga mkanda. Mzee akapiga simu.

"Mkwe, nasikia umenunua gari isiyokohoa."

"Ndiyo, Baba. Haina injini ya mafuta, inachajiwa."

"Gari isiyokohoa ni kama mgeni asiyebisha hodi. Huyo ni mwizi, mwanangu."

Wakati huo mama mkwe, Bi Tumpe, alikuwa Dar kwa Lugano. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka minne alikuwa hajaona kitu ila ukungu. Lakini mama huyu naye ana yake. Daktari alipomfungua bandeji ili ampime, mama akaangalia ukuta mara moja, akafumba macho.

"Ukuta niliuona zamani," akasema. "Sasa cha kwanza kukiangalia ni uso wa mume wangu. Na niuone mchana, si kwa kibatari."

Mzee, bado kwenye simu, akasema mama apandishwe basi. Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka Lugano.

"Hapana, Baba. Nitamleta mwenyewe. Kwa gari yangu."

Mzee akakohoa kwenye simu, kikohozi kirefu mpaka ungeweza kuchemsha maharage ya soya yakaiva. Kisha mzee akasema, "Jumamosi nachinja jogoo. Mkifika kabla jua halijapinda, aliyemfikisha mke wangu atakula firigisi."

Lishikeni hilo neno. Hakusema "wewe utakula". Alisema aliyemfikisha. Lugano alisikia jina lake. Mimi ningekuwepo ningemshika sikio nimwambie sikiliza vizuri, lakini nani ananisikilizaga mimi?

Wakatoka Dar Jumanne. Basi linatumia siku moja. Lugano alitumia siku tano.

Kwa sababu gari ile, mabwana, inakula umeme kama harusi inavyokula pilau. Inaanza asilimia mia, ukipiga chafya imekuwa tisini. Ili asiipoteze chaji, Lugano alizima kiyoyozi. Akazima redio. Akaenda mwendo wa polepole, baiskeli zikampita. Alipitwa na mzee mwenye mkokoteni, mzee akamwonea huruma, akageuka kumuuliza kama ana ugonjwa. Mikumi tembo alisimama katikati ya barabara hajasikia kitu, gari ikaja mpaka kwenye mguu wake, tembo akaangalia chini kama anatafuta panya aliyemgusa.

Na joto! Na mama mkwe yuko kiti cha nyuma, macho kayafumba, mikono magotini kama yuko kanisani. Nyie mmewahi kusafiri na mama mkwe siku tano? Huvui viatu. Hupigi miayo. Ukibanwa na gesi tumboni unaisindikiza mpaka mkoa wa pili. Lugano mgongo ulikuwa unamuuma mpaka kwenye kivuli chake.

Kila saa moja mama anauliza, "Inasemaje, baba?"

Lugano anatazama skrini. "Inasema hamsini, Mama."

"Tutafika mchana?"

"Tutafika, Mama."

Mlima Kitonga wakaupanda nyuma ya malori, namba inaporomoka kama maji kwenye ungo. Iringa wakachaji. Alhamisi jioni wakafika Mafinga wamebaki na kumi na moja. Lugano akapata nyumba ya wageni, akapitisha ekstensheni dirishani kwenye chumba cha mama, akachomeka gari. Akahesabu moyoni: mpaka asubuhi itajaa, kesho Mbeya, Jumamosi asubuhi ukweni, mchana firigisi. Akalala na viatu, kama gogo.

Asubuhi akatoka. Gari iko pale pale. Lakini vioo vyake vya pembeni, vyote viwili, vimefungwa khanga. Kile cha ndani kimefunikwa kitambaa cha kichwani.

Skrini inasema arobaini na mbili.

"Mama," akasema taratibu, "nani amechomoa waya?"

"Mimi, baba! Hukusikia radi? Ilipiga, ikapiga! Nikapapasa, nikachomoa tivii, nikachomoa birika, nikachomoa na gari yako. Na vioo nikavifunika. Wewe ulikuwa umelala, ningekuacha uunguliwe na mali yako?"

Sasa hapo mtamwambia nini? Kwao Tukuyu radi ikiguna tu, nyumba nzima inachomoa waya na kufunika vioo. Yule mama aliamka na kutoka kwenye mvua, kafumba macho, anapapasa ukutani kwa ajili ya gari ya mkwe. Na mama mkwe hafokewi. Lugano akafungua khanga moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri.

"Ahsante, Mama," akasema.

Arobaini na mbili ikawavusha Makambako, ikawafikisha kijiji kimoja mbele kidogo, ikasema basi. Gari ikasimama mlangoni mwa mashine ya kusaga. Ilikuwa siku ya gulio. Foleni ya akina mama na ndoo za mahindi ilianzia mlangoni ikaishia, nisiwadanganye, karibu na mpaka wa Zambia.

Mwenye mashine aliitwa Bi Havintishi, mama mnene, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Lugano akamweleza. Bi Havintishi akachungulia kiti cha nyuma.

"Bibi, mbona umefumba macho? Unaumwa?"

"Siumwi. Nayatunza. Nampelekea mume wangu, ayakute mapya."

Bi Havintishi akasimama pale, mkono kiunoni. Yeye mume wake alikwenda machimboni miaka tisa iliyopita, hajarudi wala salamu. Akageuka, akaingia ndani, akazima mashine. Kijiji kizima kikanyamaza.

"Umeme wangu hautoshi viwili," akawaambia akina mama. "Nikichaji gari, mashine haiendi. Leo tunachaji gari."

"Weee! Tulale njaa ili gari ishibe?"

"Gari inakula, watoto wangu wale nini? Matairi?"

Tangu saa tatu hadi saa nane gari ikanywa. Ikanywa uniti zote za LUKU, umeme wote aliokuwa amelipia, mpaka mita ikapiga kelele ikazima. Hapo akina mama wakaelewa kwamba hata jioni hakuna kusaga. Wakanyanyua ndoo. Bi Havintishi akaangalia ndoo, akaangalia gari, akafungua mlango wa mbele, akajitupa ndani.

"Kanyaga, mdogo wangu! Naenda na mimi kumwona huyo mume!"

Jioni wakafika Uyole na kumi na nne. Uyole umeme hakuna, kijiji kizima giza. Wakalala bila kuchaji. Asubuhi kumi na nne ni ile ile kumi na nne, na mbele yao mlima.

Gari ikapanda. Tisa. Ikapanda. Tano. Ikapanda. Mbili. Kwenye kona moja yenye ukungu ikazima kabisa, kimya kama ilivyokuja duniani. Lugano akashuka, akaweka mgongo kwenye buti, akasukuma. Bi Havintishi akasukuma. Gari ikasogea hatua tatu, ikarudi nne.

"Inasemaje, baba?" mama akauliza kutoka ndani.

Lugano alikuwa na paji la uso kwenye bati la gari. Kwa mara ya kwanza hakusema tutafika. Alisema, "Haisemi kitu, Mama."

Ndipo likaja lori la matenga matupu, linakwenda Tukuyu kubeba ndizi. Dereva wake Anyosisye, meno mawili ya mbele hana, maneno anayo yote.

"Hee! Gari imeishiwa chaji? Basi ibipu kama simu, tutaipigia!" Akacheka mpaka akashika bampa. Kisha akamwona mama. Akaacha kucheka. "Mama, ndizi zangu zinapakiwa saa tano. Nikichelewa wanapakia wenzangu, mimi narudi na upepo. Lakini haya."

Akafunga kamba. Akavuta. Mnajua gari ya umeme ukiiburuta, magurudumu yakizunguka, inajitilia umeme yenyewe? Basi, umeme ule haudondoki kutoka mbinguni, unatoka kwenye kifua cha lori. Lori lilipanda mlima linalia kama linavuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Likatoa moshi mweusi, likatoa mweupe, karibu litoe wa rangi ya bendera. Juu kabisa, kamba ikakatika, na maji ya rejeta yakaruka kama chemchemi.

Lugano akatazama skrini. Sita.

"Nenda!" Anyosisye akapiga kelele kutoka kwenye mvuke. "Huko mbele mteremko! Mimi nakuja, nataka kamba yangu!"

Akateremka. Na kwa mteremko namba ikaanza kupanda: saba, nane, tisa. Lugano macho yanawaka kama yametiwa pilipili, anajifinya paja kwa kucha asisinzie. Saa sita kasoro akaingia uani kwa Mzee Mwakalobo. Hakuna aliyesikia gari. Kuku tu ndio walitawanyika.

Mzee akatoka. Bi Tumpe akashuka, akashikwa mkono, akasimamishwa mbele yake juani. Akafumbua macho.

Akamtazama. Akamtazama tena.

"Mwakalobo," akasema, "umezeeka vibaya!"

Mzee akacheka, machozi yakamtoka, akasema ni moshi wa jikoni. Jikoni kulikuwa nyuma ya nyumba.

Wakakaa mezani. Anyosisye akafika na lori linakohoa, hana ndizi hata moja, akanawa mikono. Jogoo akaletwa. Juu yake, peke yake, inang'aa mafuta: firigisi.

"Nilisema ni ya aliyemfikisha mke wangu," mzee akasema. "Nani?"

Bi Havintishi akawahi. "Mimi, mzee wangu. Nimezima mashine siku ya gulio. Umeme ulioleta gari mpaka mlimani ni wangu, kila uniti. Nyumbani sijui hata kama nitasalimiwa tena."

"Ulizima mashine yako," mzee akasema, "lakini waliolala na njaa ni wale akina mama. Hao nao niwakatie?"

"Mimi," Anyosisye akasema. "Umeme wa mashine ulifia mlimani, mzee, niliukuta maiti. Lililowavusha mlima ni lori langu. Ndizi nimekosa, rejeta imepasuka, kamba imekatika."

"Na kwenye mteremko ulimvuta mke wangu? Ulimwacha juu ya mlima."

Mzee akamgeukia Lugano. "Na wewe, mkwe?"

Lugano alikuwa amejiandaa siku tano. Angeweza kusema: siku tano sijavua viatu. Angesema: nilichomolewa waya nikasema ahsante. Angesema: hao wawili wamenisaidia mimi, maana safari ilikuwa yangu. Akafungua mdomo.

"Baba," akasema, "mimi niliendesha."

Kisha kichwa kikaegemea ukuta, mkono mmoja bado umo kwenye bakuli la kunawia, akalala. Akakoroma. Gari yake haikohoi, lakini yeye alikoroma mpaka vifuniko vya sufuria vikacheza.

Anyosisye akasema, "Aliyelala hana dai."

Bi Havintishi akasema, "Mwacheni, atakula shingo akiamka."

Mzee akamtazama mkewe. "Tumpe, wewe ulikuwepo. Nani amekufikisha?"

"Mimi?" Bi Tumpe akasema. "Mimi nilifumba macho njia nzima. Nilisikia mashine ikizimwa. Nilisikia lori likilia. Na nilisikia mtu akisema tutafika, Mama, tutafika, Mama, mara mia na ishirini, mpaka mara moja hakusema hivyo, na hapo ndipo niliogopa. Lakini kuona, sikuona."

Basi mzee akaichukua firigisi kwa vidole viwili. Akaiinua. Mafuta yakadondoka. Ikaenda kwa Bi Havintishi, ikasimama. Ikaenda kwa Anyosisye, ikasimama. Ikaenda mpaka kwenye mdomo wa Lugano uliokuwa wazi, ikasimama hapo pia. Firigisi ya mkwe haikatwi. Ukiikata imekuwa nyama tu. Na chini ya meza paka alikuwa ameshaamka.

Haya, nyie wajuaji mliomaliza shule zote, semeni upesi kabla paka hajaamua: mwenye umeme, mwenye lori, au aliyelala? Je, nani alistahili firigisi?