Mtihani wa Sinia Moja

Palikuwa na sultani, jina lake Muhidini, na mji wake siutaji kwa sababu wajukuu zake wangali hai na hasira zao ziko karibu. Sultani huyu aliletewa zawadi na mgeni: kitabu cha mafumbo ya kupimia akili. Akakisoma siku tatu. Siku ya nne akatoa amri. Kila anayekula mshahara wa sultani, kuanzia mchanja kuni hadi mpiga zumari, atatahiniwa mbele ya baraza. Atakayeshindwa akunje mkeka wake aende zake.

Mpiga zumari akashindwa. Akaenda zake. Mchanja kuni naye akashindwa, na shoka akapewa mwanachuoni mmoja aliyefaulu vizuri sana. Kufikia Jumatano mwanachuoni alikuwa na vidole tisa.

Ijumaa ikawa zamu ya Bi Mishi, mpishi. Mjane huyu alikuwa na miaka ishirini na miwili katika jiko lile, chumba chake kiko nyuma ya jiko hilohilo, na pengine pa kulala hana. Mdomo wake haukuwa na mlango. Waziri alikwisha kumwandalia wa kushika nafasi yake: mpwa wake mwenyewe, kijana aliyefaulu mtihani siku mbili kabla haujatungwa. Kijana huyo alikuwa akiunguza hata chai.

Baraza likajaa. Pilau ilikuwa imeiva na harufu yake imetanda, na wakubwa wana njaa. Waziri akafungua kitabu.

"Sikiliza, mwanamke. Tuseme maji yanaitwa moto. Moto unaitwa mchele. Mchele unaitwa mawe. Haya, nikitaka pilau, utapepeta nini?"

"Mawe," akasema Bi Mishi.

Waziri akachungulia kitabuni. Ilikuwa sawa.

"Umejuaje upesi hivyo?"

"Mchele wa ghala lako naupepeta mimi, Bwana Waziri. Jina hilo tulikwisha kuupa zamani."

Watu wakakohoa. Katika baraza la sultani watu hawacheki, hukohoa.

"La pili," akasema Waziri. "Makarani wote wa jumba hili ni werevu. Masudi ni karani wa jumba hili. Tunapata nini?"

Bi Mishi akamtazama Masudi. Masudi alikuwa ameshika kalamu kichwa chini miguu juu.

"Tunapata kwamba Masudi ni mwerevu."

"Sawa kabisa!"

"Na kwa kuwa Masudi huyu hapa na sote tunamwona, tunapata pia kwamba lile neno lako la kwanza si kweli."

Kadhi akaitikia kwa kichwa polepole. "Hoja imesimama," akasema. Kikohozi kikaenea mpaka kwa walinzi.

Sultani hakukohoa. Alimnyang'anya Waziri kitabu, akakifunga.

"La tatu nimelitunga mwenyewe. Leo kwenye pilau tuko watano: mimi, Waziri, Kadhi, Jemadari na huyu Tajiri. Kadhi hakai ubavuni kwa Jemadari, tangu kesi ya yule punda. Waziri hakai ubavuni kwa Tajiri. Na mimi simtaki Kadhi ubavuni, huhesabu matonge yangu. Simtaki Jemadari, ana viwiko. Tajiri ndiyo kabisa, hutafuna huku anasimulia. Masharti yangu ni matatu. Sinia ni moja. Kila mtu ale ashibe. Na mtu asikae ubavuni kwa asiyemtaka. Ukitupanga, jiko ni lako mpaka ufe, na baraza hili shahidi. Usipotupanga, mkeka wako uko wapi?"

Waziri akatabasamu. Sultani alikwisha kumpa yeye fumbo lile, akalijaribu wiki nzima kwa kokwa za tende, likamshinda.

Hapo Bi Mishi aliogopa. Msinione natania, aliogopa kweli. Akaliona jiko linamponyoka, akamwona yule kijana anatia maji ya pilau bila kupima.

"Bwana wangu, sinia ni duara?"

"Umewahi kuona la pembe?"

"Na kila mlaji ana mtu kulia na mtu kushoto?"

"Mtoto anajua hilo."

"Basi nileteeni sinia."

Sinia likaja, linafuka moshi. "Kadhi, kaa hapa. Jemadari, ng'ambo, mtazamane. Waziri, kati yao upande huu. Tajiri, kati yao upande ule. Bismillahi." Wanne wakakaa, wakanawa. Hakuna aliyegusana na asiyemtaka. Jemadari alikwisha kupiga tonge la pili.

"Na mimi?" akauliza Sultani. "Mimi nakaa wapi?"

"Hapo hukai, Bwana wangu. Kadhi humtaki, Jemadari humtaki, Tajiri humtaki. Amebaki Waziri. Naye ni mmoja, hawezi kukaa kulia kwako na kushoto kwako."

"Basi umeshindwa!"

"Nimeshindwa wapi? Sinia ni moja. Hakuna aliyekaa na asiyemtaka. Na wewe utakula, utashiba. Chunguni nimebakiza nyama, na ukoko wake mzuri."

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi alikuwa na tonge mdomoni, lakini aliitikia kwa kichwa: hoja imesimama.

"Nitakula wapi, mwanamke?" Sultani akanguruma. "Na nani?"

"Jikoni, Bwana wangu, na mimi. Katika wale usiowataka, mimi hukunitaja. Ila kwanza sema hapa, Kadhi asikie, jiko lile ni la nani, ili nijue kama ninaweza kukukaribisha."